Turufu Ilikotoka: Mchezo wa Tarot na Kadogo Anayewindwa

Kwenye baraza la pwani ambako watu wamekaa na karata, swali ni moja: turufu nini? Mtu akijibu kopa, basi kopa ndogo kuliko zote inaikata shupaza kubwa kuliko zote, na hakuna anayeshangaa. Neno hilo tumelizoea kiasi kwamba hatujiulizi limetoka wapi. Wareno ndio waliotuletea. Kwao ni trunfo, nao wamelirithi kwa Waitaliano waliosema trionfo, yaani ushindi wa shangwe. Na trionfi, kwa wingi, ndilo jina la kwanza la karata ambazo leo zinaitwa tarot.

Ndiyo maana ninapowasikia watu wakisema tarot ni mambo ya ramli tu, huwa naumia moyoni. Tarot ni mchezo wa karata. Umechezwa Ulaya kwa karibu miaka 600, na Ufaransa hadi leo unachezwa majumbani, kwenye mabweni ya wanafunzi, kwenye mikahawa, na kwenye mashindano yanayosimamiwa na shirikisho lililoundwa mwaka 1973. Mimi nilifundishwa mezani, katika jiko la pamoja la wanafunzi nchini humo, na wiki mbili za mwanzo sikuelewa kitu kimoja: kwa nini mtu aliyekusanya pointi 45 anapiga meza kwa furaha, halafu mkono unaofuata, yaani karata zikigawiwa upya, mwingine anakusanya 50 na kushika kichwa. Nikilifungua fundo hilo moja, mengine yote ya tarot yatajifungua yenyewe. Lakini tuanze na karata zenyewe, maana hadithi yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Karata ziliingia Ulaya miaka ya 1370 zikitokea nchi za Kiislamu. Kwenye makumbusho ya Topkapı mjini Istanbul kuna karata za Wamamluki, watawala wa Misri wa zama hizo, zenye aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Hazina picha za watu. Wakubwa wake wanatajwa kwa maandishi tu: mfalme, naibu wa mfalme, na naibu wa pili. Ndiyo, ni naibu huyuhuyu wetu wa naibu waziri na naibu spika. Waitaliano wa kale waliziita karata naibi, Wahispania mpaka leo wanaziita naipes, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba majina hayo yametokana na naibu huyo wa Misri.

Ulaya haikuujua polo, hivyo fimbo zikageuka virungu. Vikombe, sarafu za dhahabu, panga, virungu. Sasa sikiliza majina tunayotumia sisi. Kopa ni copas ya Kireno, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, fimbo. Mtu wa Lamu au Unguja anayeshika karata yenye moyo mwekundu na kuiita kopa anaitaja kwa jina la kikombe ambacho hakimo tena kwenye picha. Kwenye karata za tarot za mtindo wa zamani wa Italia kikombe hicho kipo bado, kimechorwa wazi, na sarafu, panga na virungu vipo pembeni yake. Kila nikizitazama naona kama nimekutana na ndugu tuliyepotezana siku nyingi.

Tarot yenyewe ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Mwezi Septemba 1440 karani mmoja wa Florence, Giusto Giusti, aliandika kwamba amempatia Sigismondo Malatesta, bwana wa Rimini, pakiti ya naibi a trionfi. Kilichokuwa kipya ni hiki: kwenye aina nne zilizokuwapo iliongezwa aina ya tano, ya picha, ambayo kila karata yake inaikata karata yoyote ya zile nne. Kwenye baraza letu turufu hubadilika, leo kopa, baadaye pau. Kwenye tarot turufu ni ukoo wake peke yake, unajulikana kabla karata hazijagawiwa, na haubadiliki milele. Mabwana wa Milano walichorewa pakiti zao kwa rangi ya dhahabu; ya moja maarufu, ile inayohusishwa na koo za Visconti na Sforza, zimebaki karata 74, nyingi zikiwa New York na Bergamo.

Baadaye wacheza karata za kawaida walilipenda wazo hilo. Hawakuwa na aina ya tano, basi wakachukua moja kati ya nne na kuipa mamlaka kwa mkono mmoja mmoja, wakaliazima na jina. Trionfi likawa jina la mchezo mwingine, na inaelekea hapo ndipo pakiti ya zamani ilipohitaji jina jipya. Mwaka 1505 tunakuta tarocchi mjini Ferrara na taraux mjini Avignon. Kwa hiyo turufu ya barazani na tarot ya Ufaransa ni mtu na nduguye, mmoja amebaki na jina la ukoo na mwingine amebaki na nyumba.

Ramli ilikuja baadaye sana. Mwaka 1781, mjini Paris, mwanachuoni Antoine Court de Gébelin alitangaza kwamba picha za tarot ni hekima iliyofichwa na makuhani wa Misri ya mafarao. Wakati huo hakuna mtu Ulaya aliyeweza kuyasoma maandishi ya mafarao. Hilo liliwezekana kuanzia 1822 kwa kazi ya Champollion. Picha za turufu ni za Waitaliano. Misri inastahili kutajwa, ila ni Misri ya Wamamluki, na kwa ajili ya vikombe na sarafu, na sifa hiyo ya kweli ilifunikwa na ile ya kubuni. Zaidi ya miaka 300 kabla ya Court de Gébelin, watu walikuwa wakicheza tu, wakishinda na kushindwa.

Sasa tukae mezani.

Pakiti ya Kifaransa ina karata 78. Kati ya hizo 56 ni kopa, uru, shupaza na pau, zikiwa na michoro ileile tunayoijua, lakini kila aina ina karata 14 badala ya 13, kwa sababu kati ya malkia na ghulamu amekaa mpanda farasi. Ukubwa unaenda mfalme, malkia, mpanda farasi, ghulamu, kisha 10 kushuka hadi 1. Anayetoka kwenye michezo yetu aangalie hapo: ree, ile moja, huku ndiyo ya chini kabisa.

Kisha kuna turufu 21, zenye namba kubwa pembeni, 1 hadi 21. Kwenye pakiti inayotumika Ufaransa leo hakuna malaika wala mauti. Kuna maisha ya watu. Namba 2 hadi 5 ni utoto, ujana, utu uzima na uzee. Namba 6 hadi 9 ni asubuhi, mchana, jioni na usiku. Namba 16 hadi 19 ni majira manne ya mwaka. Ukitulia ukazitazama ni nzuri sana, ingawa mezani hakuna anayezitazama; watu wanasoma namba tu.

Karata ya 78 haina namba. Ina picha ya mchekeshaji, na Wafaransa wanaiita Excuse. Kiswahili kimetupa neno linaloikaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo: Udhuru. Wengi hudhani ndiyo baba yake joka (joker) wa pakiti zetu. Joka alizaliwa Marekani katika karne ya 19 na hana undugu nayo.

Wachezaji wa kawaida ni wanne. Karata zinagawiwa tatutatu, kuelekea kulia, kila mtu anapata 18, na sita zinawekwa katikati zikiwa zimefunikwa. Hizo sita zinaitwa mbwa. Usiniulize sana kwa nini mbwa. Ndivyo Wafaransa wanavyosema, chien, na hata mtoto wa miaka kumi anasema "nimechukua mbwa" bila kucheka.

Kila mkono ni mtu mmoja dhidi ya watatu. Mtu anatazama karata zake, na akiona zinatosha anatangaza kwamba anachukua. Huyo tumwite mchukuaji. Watatu waliobaki wanakuwa watetezi, wanaunganisha wanachokula, na kazi yao ni kumwangusha. Mkono ukiisha umoja wao unavunjika papo hapo. Aliyekuwa mwenzako sasa hivi ndiye anayechukua unaofuata, na wewe unajiunga na adui wako wa dakika tano zilizopita. Kwa watu walioko kwenye meza moja usiku kucha jambo hili lina ladha yake, kwa sababu hakuna chuki inayopata muda wa kukomaa.

Kama ilivyo kwenye wahedusitini, ambako unahitaji pointi 61 kati ya 120, kwenye tarot hatuhesabu umekula mara ngapi. Tunahesabu thamani ya ulichokula. Mfalme ana pointi 4 na nusu, malkia 3 na nusu, mpanda farasi 2 na nusu, ghulamu 1 na nusu. Nje ya zile aina nne, karata tatu tu ndizo zenye thamani ya mfalme, yaani 4 na nusu kila moja: namba 21, namba 1, na Udhuru. Zilizobaki, turufu na zisizo turufu, ni nusu pointi kila moja. Hizo mimi naziita magarasa kwa upande wa hesabu, ijapokuwa turufu namba 20 si garasa hata kidogo kwa upande wa nguvu. Ukijumlisha zote unapata 91. Hizo nusu zisikutishe: karata zinahesabiwa mbilimbili, kubwa na garasa, kwa hiyo mfalme na garasa ni 5, malkia na garasa ni 4, magarasa mawili ni 1.

Nusu ya 91 ni 45 na nusu. Mgeni anafikiri basi ukipita hapo umeshinda. Ndipo nilipokwama mimi.

Zile karata tatu za pekee, 21, 1 na Udhuru, Wafaransa wanaziita bouts, yaani ncha. Na mchukuaji hana lengo moja. Lengo lake linategemea ameishia na ncha ngapi katika karata alizokula. Akiwa na ncha tatu, anahitaji pointi 36 tu. Akiwa na mbili, 41. Akiwa na moja, 51. Akiwa hana hata moja, 56. Kwa hiyo yule wa pointi 45 alikuwa na ncha mbili, amepita kwa 4. Yule wa pointi 50 alikuwa na ncha moja, amekosa kwa pointi moja, na pointi hiyo moja ilikuwa imemtoroka mahali fulani katikati ya mkono. Ningeshika kichwa na mimi.

Iangalie tena ile ngazi: 56, 51, 41, 36. Hatua haziko sawa. Ncha ya kwanza inakupunguzia 5, ya pili inakupunguzia 10, ya tatu inakupunguzia 5. Ncha ya pili ndiyo pigo lenyewe. Ukiwa nazo mbili na ukanyang'anywa moja, unapoteza pointi zake 4 na nusu, unapoteza na karata zilizoliwa pamoja nayo, halafu ukuta uliokuwa unaupanda unaongezeka pointi 10 ukiwa katikati ya kupanda.

Je, ncha inaweza kunyang'anywa? Hapa ndipo uzuri wa mchezo ulipo. Namba 21 haiwezi, maana hakuna karata inayoishinda. Udhuru hauwezi, isipokuwa mwenyewe azembee, nitaueleza. Inabaki namba 1. Wafaransa wanaiita le Petit, mimi namwita Kadogo. Ndiye turufu dhaifu kuliko zote. Turufu nyingine yoyote inamla. Na huyu mnyonge wa ukoo ndiye anayebeba thamani ya mfalme na uzito wa pointi 10 za ngazi. Aliyebuni jambo hili, awe nani, aliijua nafsi ya mchezo: karata yenye thamani isiyo na nguvu ya kujilinda. Meza nzima inamtafuta Kadogo tangu karata ya kwanza, mmoja akimficha na wengine wakimwinda.

Sheria za kutupa karata ndizo zinazoufanya uwindaji uwezekane, nazo ni kali kuliko za kwetu. Ukiongozwa kopa na unayo kopa, lazima ufuate. Ukiwa huna, lazima ukate kwa turufu. Huna hiari ya kutupa garasa ukiwa umeshika turufu. Na ukitupa turufu, lazima iwe kubwa kuliko turufu kubwa iliyoko mezani, kama unayo. Kama huna iliyo kubwa zaidi, bado unalazimika kutupa turufu ndogo. Asiye na aina iliyoongozwa wala turufu ndiye pekee aliye huru kutupa atakacho.

Sasa fikiria mtetezi mwenye turufu nne, Kadogo akiwa mmojawapo. Mchukuaji mwenye turufu nyingi anaongoza turufu kubwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara yule mtetezi lazima atoe moja. Mara ya nne amebaki na Kadogo peke yake, naye anatoka mbele za watu, hana pa kujificha. Ndiyo inaitwa kumwinda Kadogo. Lakini watetezi nao wana njia. Kama mwenzake akitupa 21, mwenye Kadogo hana turufu ya kuipita, kwa hiyo sheria inamruhusu kutupa turufu yoyote, naye anamlaza Kadogo chini ya kivuli cha 21 ya mwenzake, na wamemwokoa. Na kama ni mchukuaji aliyemshika Kadogo, watetezi wanaongoza turufu wao wenyewe ili kumkausha, au wanaongoza aina aliyoishiwa ili akate na kukata hadi nguvu zimwishe.

Kuna huruma moja tu katika sheria. Ukigawiwa Kadogo akiwa turufu yako pekee, na Udhuru huna, unaonyesha na mkono mzima unafutwa, karata zinagawiwa upya. Hata Wafaransa wameona huo ungekuwa uonevu.

Udhuru sasa. Unaweza kuutupa wakati wowote, hata kama unayo aina iliyoongozwa. Ni kama kusema, "Samahani, hapa sipo." Hauli, lakini hauliwi: unautoa mezani unaurudisha kwenye rundo lako, na kumlipa aliyekula garasa moja la nusu pointi badala yake. Mfalme wako yuko hatarini? Toa Udhuru, mfalme abaki mkononi. Lakini usiuweke hadi karata ya mwisho kabisa. Ukiutupa kwenye mzunguko wa mwisho unaenda kwa upande wa pili, na ncha yako imekwenda kwa uzembe wako mwenyewe. Niliwahi kufanya hivyo, na ukimya uliofuata pale mezani ninaukumbuka mpaka leo.

Kuhusu kutangaza: kuna ngazi nne, na kila mtu anasema mara moja tu. Ya kwanza ni prise, unachukua kwa thamani ya kawaida. Ya pili ni garde, kila kitu mara mbili. Katika hizi mbili mbwa anafunuliwa watu wote wamwone, mchukuaji anazitia karata sita mkononi, kisha anazika sita azitakazo. Hizo alizozika zinahesabiwa kuwa amezila tayari. Haruhusiwi kuzika mfalme wala ncha, na turufu anazika tu akiwa hana namna nyingine, tena azionyeshe. Ya tatu ni garde bila mbwa, mara nne: mbwa hafunuliwi ila mwishoni anahesabiwa kwako. Ya nne ni garde dhidi ya mbwa, mara sita, na mbwa anakwenda kwa watetezi. Hiyo ya nne nimeiona mara chache sana, na kila mara meza ilinyamaza.

Hesabu ya mwisho inaanza na 25 za kuchukua, unaongeza tofauti kati ya pointi zako na lengo lako, kisha unazidisha kwa ngazi uliyotangaza. Kila mtetezi anakulipa kiasi hicho, au wewe unamlipa kila mmoja.

Ngoja nioneshe mkono mmoja, wangu mwenyewe. Niligawiwa turufu nane: 21, 19, 16, 14, 11, 8, 6 na Kadogo. Kopa nilikuwa na mfalme, malkia, 9, 5 na 3. Shupaza mfalme na 7. Pau mpanda farasi na 4. Uru moja tu, 2. Ncha mbili, kwa hiyo nahitaji 41. Nikatangaza garde, hakuna aliyepanda juu yangu, mbwa akafunuliwa: turufu 12, malkia wa uru, 8 ya uru, 10 ya pau, 7 ya kopa, 4 ya shupaza.

Mgeni angemfurahia yule malkia wa uru na kumweka mkononi. Mwalimu wangu wa jikoni, aliyeketi nyuma yangu, aliugusa ukingo wa karata kwa kidole na sikuhitaji maneno. Nikazika uru zote tatu na pau zote tatu. Malkia 3 na nusu, mpanda farasi 2 na nusu, magarasa manne ni 2: jumla pointi 8 zimeshaingia kabla hatujaanza. Na zaidi ya pointi, nimeishiwa aina mbili. Sasa nina turufu tisa, kopa sita, shupaza tatu, na kila watakapoongoza pau au uru nina haki ya kukata.

Aliyeongoza alitupa 3 ya pau. Wa pili akaweka mfalme wa pau. Wa tatu akafuata na 8. Mimi nilikuwa wa mwisho. Sina pau, lazima nikate, na hakuna mtu baada yangu. Nikamlaza Kadogo juu ya mfalme.

Hesabu mzunguko huo: mfalme 4 na nusu, Kadogo 4 na nusu, magarasa mawili 1. Pointi 10. Muhimu kuliko hizo kumi, Kadogo ameingia kwenye rundo langu na uwindaji umekwisha kabla haujaanza. Niliumaliza mkono nikiwa na 47. Lengo 41, tofauti 6, ukiongeza 25 ni 31, mara mbili ni 62, na wote watatu wakanilipa: 186.

Sasa badilisha kitu kimoja. Badala ya kuwa wa mwisho, niwe wa tatu, na yule wa baada yangu awe ameishiwa pau. Angekata kwa turufu yoyote aliyonayo, na Kadogo pamoja na mfalme wangekwenda kwake. Pointi 10 zinatoka kwangu, nabaki na 37. Ncha imebaki moja, kwa hiyo lengo ni 51. Nimekosa 14. Ukiongeza 25 ni 39, mara mbili ni 78, na mimi ndiye ninayelipa, mara tatu: 234. Karata ni zilezile, mkono ni uleule. Kiti tu.

Wakiwa watano mchezo unapata rangi nyingine. Kila mtu anapewa 15, mbwa anabaki na tatu, na mchukuaji kabla ya kumfunua anataja mfalme mmoja, mathalani mfalme wa uru. Aliye na mfalme huyo ndiye mwenzake, lakini hasemi. Wanne mezani wanacheza wakichunguzana, na ukweli unajulikana siku mfalme anapotua. Yako pia matawi mengine ya ukoo huu: Tarock ya Austria yenye karata 54, ambayo Sigmund Freud aliipenda na kuicheza na rafiki zake Vienna, tarocchini ya Bologna yenye karata 62, Cego ya Msitu Mweusi, Ujerumani, na mengine Hungaria, Slovenia na Uswisi. Kadogo yumo katika mengi ya hayo kwa majina mengine, Austria wakimwita Pagat.

Bado kuna jambo moja la Kadogo sijalisema. Ukiweza kumweka hadi mzunguko wa mwisho, na akala, unapata nyongeza ya 10, nayo inazidishwa kwa ngazi iliyotangazwa. Ili ale, lazima turufu nyingine zote ziwe zimetoka. Hapo ndipo unawaona wanaojua: midomo inatembea polepole, wanahesabu turufu zinavyopita, kumi na nne, kumi na tano, hawakosei hata moja.

Mzee mmoja mgeni wa jirani yetu alikaa nasi usiku mmoja, akatangaza garde na Kadogo mkononi. Mara mbili alipata nafasi salama ya kumtoa na hakumtoa. Sisi watatu tuliongoza turufu hadi zikatuishia. Amebaki na karata moja, na kila mmoja wetu moja. Yeye ndiye anayeongoza. Aliishika kwa muda, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaiweka taratibu katikati ya meza, namba moja juu, na sisi tukafunua zetu: 10 ya kopa, ghulamu wa pau, na mfalme wa uru niliyekuwa nimemficha usiku mzima.